Shajara ya mradi: nusu Ironman baada ya hamsini, hapa Kisumu

Mradi wenyewe

Tuko watatu. Mwalimu amestaafu na ana miaka 64. Alifundisha hisabati sekondari. Sista ni muuguzi wa zamu, ana miaka 52. Mimi nina 57 na nauza nafaka Kibuye. Tunajiandaa kumaliza kwa siku moja kilomita 1.9 za kuogelea, 90 za baiskeli na 21.1 za kukimbia, ndani ya saa 8 na nusu, muda ambao kwa kawaida hutolewa kwa umbali huu. Hii ni nusu ya Ironman, triathloni kamili iliyoanzia Hawaii Februari 1978, siku ambayo watu 15 waliingia baharini na 12 wakamaliza. Katika kanda yetu, mashindano ya Ironman ya umbali wa nusu yalianza Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, mwaka 2022. Sisi tutaipanga siku yetu wenyewe, hapa Kisumu, mwezi wa Julai.

Ratiba nyingi ambazo watu hutumiana kwenye simu zimeandikwa kwa kijana wa miaka 30 ambaye wikendi yake ni yake. Kwa hiyo swali tunalolifuatilia humu ni moja: mtu wa umri wetu, mwenye kazi, familia na shamba, atafanyaje mazoezi miezi saba bila kukatika? Kila tunachokibadilisha tunakipima kwa swali hilo.

Januari

Kwanza hospitali. Presha, sukari, kipimo cha umeme wa moyo. Sista alisema hapandi baiskeli na mtu ambaye hajapimwa, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Kuanza triathloni baada ya miaka 50 bila kujua hali ya moyo ni hatari isiyo na faida yoyote.

Mwalimu anatumia vidonge vya presha vya jamii ya atenolol. Dawa hizo huzuia moyo kupiga mbio, kwa hiyo saa ya mkononi inaweza kumwonyesha mapigo 115 huku yeye tayari anahema. Namba za mapigo hazimfai. Kwa Sista na kwangu tulikadiria kiwango cha juu kwa kanuni ya 208 kutoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwangu inaleta 168. Ile ya zamani, 220 kutoa umri, ingenipa 163. Zote mbili ni wastani tu, na watu wawili wa umri mmoja wanaweza kutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi.

Kipimo kinachotufaa sote ni mdomo. Ukiweza kusimulia jambo zima bila kukata sentensi katikati, uko kwenye mwendo mwepesi. Mwalimu hutusimulia reli ilivyofika hapa Kisumu, enzi hizo Port Florence, mwaka 1901, tukikimbia taratibu kutoka Milimani hadi Dunga, na sentensi zake zikianza kuvunjika tunapunguza mwendo sote. Wakimbiaji wakubwa wa Kaptagat nao siku nyepesi huanza kwa mwendo wa kujikokota ambao mpita njia angeudharau. Ikiwa Eliud Kipchoge anakubali kwenda polepole siku ya polepole, sisi hatuna sababu ya kuona haya.

Karibu mazoezi yote ya mwezi huu yalikuwa ya aina hiyo.

Februari

Tumeacha wiki ya siku 7. Sasa tunafanya mzunguko wa siku 9. Sababu ni kwamba mwili wa umri wetu unachukua muda mrefu zaidi kujijenga upya baada ya zoezi zito. Miguu ambayo zamani ingekuwa tayari kesho yake sasa inataka siku mbili, wakati mwingine tatu. Ukibana baiskeli ndefu, mbio ndefu na zoezi la vilima ndani ya siku 7, moja litakukuta bado umechoka, na hapo ndipo kano ya kisigino inapoanza kulia. Ndani ya siku 9 kila zito linapata nafasi yake, na kati yake tunaweka bwawa, baiskeli nyepesi au kupumzika kabisa. Kwa bahati nzuri mzunguko huu unaingiliana vizuri na zamu za Sista kuliko wiki ya kawaida.

Mara mbili katika kila mzunguko tunafanya mazoezi ya nguvu. Misuli hupungua kadiri miaka inavyosonga, na nyuzi zinazotangulia kupungua ni zile za nguvu na haraka, zile zinazokupandisha mlima wa Riat au kukuokoa usianguke unapokwepa shimo. Hatuna jimu. Tunachuchumaa na kuinuka tukiwa tumekumbatia mfuko wa maharagwe wa kilo 10 hapa dukani, tunapanda na kushuka ngazi, na tunasimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi tukishusha kisigino taratibu. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote, maana kisigino ndicho kinachowatoa wakimbiaji wengi wa umri wetu barabarani.

Kuogelea tunafanyia bwawani. Watu hutuuliza mbona tunalipa bwawa na ziwa hili hapa. Ufukweni kwetu kuna konokono wanaobeba kichocho, kuna viboko, mahali pengine mamba, na gugumaji linaweza kufunga njia kati ya asubuhi na jioni. Kocha wa bwawani, kijana mpole ambaye hutuita wazazi wake, ametufundisha kupunguza kupiga miguu. Maji yanabeba mwili. Miguu ihifadhiwe kwa baiskeli na mbio. Kila mita 100 tunainua macho mara kadhaa kutazama mbele, ili siku tukiingia maji ya wazi tusipotee.

Machi

Huu ndio mwezi niliokuwa nauogopa, na ndio uliotufundisha zaidi.

Huku kwetu kalenda ya mtu wa miaka 60 haiko mikononi mwake peke yake. Ijumaa mwili unatolewa mochari, usiku ni kesha, Jumamosi mazishi. Mvua ikigusa udongo kila mtu anarudi nyumbani kupanda mahindi na maharagwe. Chama kinakutana. Kuna ruracio, sherehe ya mahari, ya rafiki Nakuru, kuna mchango wa karo, kuna mjukuu ameletwa akae wiki moja. Mkubwa wa ukoo akisema "samahani, nina baiskeli ndefu kesho" wakati jirani amefiwa, amekosa kitu kikubwa kuliko zoezi. Sitaki mazoezi ya namna hiyo, na Mwalimu na Sista hawayataki.

Kwa hiyo tumeweka utaratibu unaokubali maisha haya. Zoezi refu haliwekwi Jumamosi. Mzunguko wa siku 9 ukiliangushia Jumamosi, tunalisogeza mbele au nyuma siku moja. Siku ya jembe inahesabiwa kuwa siku ya mazoezi ya nguvu: Mwalimu akitoka kupanda kwao Maragoli, saa nne za kuinama na kuinuka kwenye mteremko, tunaandika hivyo hivyo kwenye daftari na kesho yake anaogelea tu. Baada ya kesha hakuna zito, hata kama mtu anajisikia mchangamfu asubuhi, kwa sababu usingizi ndio unaojenga mwili na mwili uliokosa usingizi huumia kirahisi.

Siku ikivurugika kabisa, tunafanya dakika 20. Dakika 20 za kutembea haraka, au za kukimbia polepole kuzunguka boma, au za baiskeli iliyofungwa kwenye stendi. Wenye kasi wanaweza kuona ni kidogo mno. Lakini nimeangalia daftari letu: mizunguko iliyokuwa na siku za dakika 20 iliendelea vizuri, na ile iliyokuwa na siku tupu mfululizo ilifuatwa na mtu kulalamika goti. Mguu ulioendelea kuguswa kidogo hauushangai mzigo unaporudi.

Kanuni nyingine ni kwamba zoezi lililopita limepita. Hatulilipi. Mtu aliyekosa mbio za saa moja Alhamisi haziongezi juu ya zile za Jumapili. Hapa ndipo wengi wa umri wetu huumia: wana nidhamu ya miaka mingi ya kulipa wanachodaiwa, na wanaipeleka mahali isipofaa.

Namfikiria sana Ed Whitlock wa Kanada. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni ya Toronto kwa saa 2:54:48. Mazoezi yake mengi yalikuwa mbio ndefu za polepole, akizunguka njia zile zile za makaburi karibu na nyumbani kwake. Na karibu na sisi kuna Edna Kiplagat: bingwa wa dunia wa marathoni 2011 na 2013, mshindi wa Boston 2017, kisha wa tatu Boston 2024 akiwa na miaka 44. Mtu hafiki hapo kwa mwezi mmoja wa moto. Anafika kwa kutokatika.

Aprili

Mvua nyingi. Nyando ilifurika na barabara ya Ahero ikawa ya matope, kwa hiyo baiskeli ilihamia stendi na njia ya Kisian.

Sista alipata malaria. Hakufanya chochote mpaka homa iishe na dawa imalizike, na baada ya hapo tulimpa siku nyepesi sawa na zile alizougua kabla ya zoezi zito la kwanza. Homa na mazoezi havichanganywi. Moyo wenyewe unaweza kuvimba misuli yake wakati mwili unapigana na maambukizi. Alirudi vizuri.

Mei

Sasa mwendo, maana miguu ipo.

Barabara ya Ahero imekauka. Tunatoka mjini saa kumi na mbili kasoro, kabla ya matatu na boda boda kujaa, tunapita Nyamasaria, tunaingia uwanda wa Kano ulionyooka, mashamba ya mpunga pande zote, yangeyange weupe wamesimama majini. Ni barabara inayomshawishi mtu. Hakuna mlima, hewa bado baridi, na baiskeli inaita kasi. Lakini kadiri jua linavyopanda upepo wa ziwa unaamka, na sisi ndio tunageuka kurudi magharibi tukiukabili. Aliyetumia nguvu zake kwenda, analipa kurudi, na bado ana nusu marathoni mbele.

Mwalimu alitueleza hili ubaoni, kwa chaki, hapa dukani. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukitoka kilomita 24 kwa saa hadi 27, kasi imeongezeka asilimia 12 na nusu, lakini nguvu ya kupambana na hewa imeongezeka kama asilimia 42. Unapata nini? Kilomita 90 kwa 24 ni saa 3 dakika 45. Kwa 27 ni saa 3 dakika 20. Umeokoa dakika 25. Sasa ukifika kwenye mbio miguu imekwisha, na badala ya dakika 8 kwa kilomita unajikokota kwa 10, umepoteza dakika 42 katika kilomita 21. Niliitazama hesabu hiyo muda mrefu. Kwa kijana anayerudisha nguvu haraka huenda hesabu ikawa tofauti; kwetu ndiyo hii.

Kwa hiyo saa mbili za kwanza za baiskeli ni za kujizuia kwa makusudi. Gia nyepesi, peda zinazunguka kwa wepesi, goti halisukumi. Kupitwa na mtu hakututingishi. Baada ya saa mbili, mwenye nguvu anaruhusiwa kuongeza kidogo.

Jambo jingine linalohusu joto la Kisumu. Ukienda mwendo ule ule katika jua la saa tano, mapigo ya moyo hupanda polepole hata kama miguu haijaongeza kazi, kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili na maji yanapungua. Mtu akiona kasi imeshuka akalazimisha irudi, anauongezea moyo mzigo juu ya mzigo. Siku za jua kali tunaiacha kasi ishuke na tunashikilia pumzi iwe ile ile. Kukimbia tunafanya kwa vipande: dakika 4 mbio, dakika 1 kutembea, tangu kilomita ya kwanza. Kutembea kunaanza kabla ya uchovu. Ukingoja uchoke ndipo utembee, hutarudi kukimbia.

Juni

Chakula. Tunalenga gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa tukiwa kwenye baiskeli. Ndizi mbivu ya kawaida ina kama gramu 25. Kwa hiyo ndizi moja na chupa ya glukosi yenye chumvi kidogo hutosha kwa saa. Viazi vitamu vilivyochemshwa vinakaa vizuri tumboni saa mbili za kwanza. Baada ya hapo Sista hawezi kuvimeza, anabaki na kinywaji. Kila mtu ajijaribu mapema, asingoje siku yenyewe.

Kiu hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo hatuingoji. Tunapiga mafunda madogo kila dakika 15. Lakini kunywa kupita kiasi nako ni hatari. Maji matupu mengi kwa saa nyingi hupunguza chumvi kwenye damu, na mtu huanza kuchanganyikiwa, kutapika, hata kuzirai. Tunatumia mizani ya dukani. Tunajipima kabla na baada ya baiskeli ndefu: ukipungua zaidi ya asilimia 2 hivi ya uzito, ongeza kunywa, ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, umekunywa kupita kiasi.

Sista ana jambo moja ambalo halikubali mjadala: hakuna kumeza diklofenak au ibuprofeni ili kumaliza zoezi refu. Jasho likishapunguza maji mwilini, dawa hizo huziumiza figo, na wengi wa umri wetu tayari wana presha. Nawaona watu wakinunua vidonge vya maumivu dukani asubuhi ya mbio kama wanaonunua peremende, na linanisumbua sana.

Baada ya zoezi, protini. Misuli ya mtu mzima inahitaji protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja ili iitike, kama gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili. Kwangu ni gramu 27. Mayai matatu na glasi ya maziwa zinakaribia hapo. Sahani ya omena na ugali inafika bila shida.

Julai, siku ya kupima

Tuliingia bwawani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baiskeli tukaenda Ahero hadi Awasi na kuongeza kipande mpaka 90 zikatimia, kisha tukakimbia njia ya Dunga kwenda na kurudi, vijana wa familia wakiwa na maji na ndizi chini ya mti.

Mimi: kuogelea dakika 54, baiskeli saa 3:49, mbio saa 2:57, kubadilisha nguo na viatu dakika 18. Jumla saa 7:58.

Mwalimu: kuogelea saa 1:02, baiskeli 3:58, mbio 3:05, kubadilisha dakika 16. Jumla saa 8:21. Nusu ya kwanza ya mbio zake ilimchukua saa 1:32, ya pili 1:33. Saa saba mchana, Kisumu, miaka 64. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Sista: kuogelea dakika 48, baiskeli 3:24, mbio 3:16, kubadilisha dakika 14. Jumla saa 7:42, wa kwanza wetu. Baiskeli yake ilikuwa karibu kilomita 26 na nusu kwa saa, na kilomita 8 za mwisho za mbio alitembea. Bado alimaliza mbele yetu, na siwezi kuliandika vingine. Tofauti ilionekana baadaye. Mwalimu alikuwa bwawani siku ya tatu, na katika mzunguko uliofuata alikimbia kama kawaida. Sista mapaja yalimkataa, na mzunguko mzima ulipita kabla hajakimbia tena.

Jioni ile Mwalimu alitusimulia habari za Hiromu Inada, Mjapani aliyeshiriki Ironman kamili ya Hawaii. Mwaka 2015 alivuka mstari akiwa amechelewa kwa sekunde 5 juu ya saa 17 zinazoruhusiwa. Mwaka uliofuata akamaliza ndani ya muda, na mwaka 2018 akamaliza tena akiwa na miaka 85. Mwalimu hakusema zaidi ya hapo, ila alitaka kujua Sista atafanya nini tofauti.

Agosti

Mizunguko miwili ya mwanzo ni myepesi kwa wote: bwawa, baiskeli isiyozidi saa 2, mbio za dakika 40 kwa vipande, nguvu na mfuko wa maharagwe. Mavuno ya Maragoli yako katikati yake, na yataandikwa kama mazoezi.

Oktoba tutarudia umbali wote. Njia ile ile, saa ile ile ya kuanza. Sista amekubali kwenda kilomita 24 kwa saa kwa saa mbili za kwanza za baiskeli, mimi nikiwa nyuma yake nikiangalia, halafu afanye atakavyo. Tutaandika vitu viwili tu kwake: muda wa mbio, na siku aliyoweza kukimbia tena.